Simu imekuwa nzito? Niambie kwanza inakuwa nzito wakati gani

Asubuhi moja bi mmoja wa Mkomani alinijia Langoni, hapa Lamu, ninapotengeneza simu, na simu yake ameifunga kwenye kitambaa, kama aliyebeba mgonjwa. Akaiweka mezani taratibu. "Mwanangu, hii imekwisha. Nitafutie mtu wa kuinunua kwa spea, nipate cha kuongezea nichukue nyingine." Nikamwuliza: bi, inakwama wakati gani? Mchana au usiku? Ndani ya nyumba au barazani? Ukiichaji au ukiwa WhatsApp? Akafikiri kidogo. "Ukinitaka hesabu ya wakati, basi ni tangu harusi ya mjukuu wangu."

Jibu hilo lilitosha. Nilipofungua sehemu ya hifadhi nikakuta imebaki MB 210 tu. Bwana harusi anaingia, watu watano wamemrekodi, na video zote tano zimo. Saa moja baadaye aliondoka na simu yake mkononi na pesa zake mfukoni.

Tangu nianze kazi hii, swali la "lini" limenisaidia kuliko chombo chochote nilicho nacho mezani. Simu nzito ni kama homa: ina sababu nyingi, na kila sababu ina saa yake. Kwa hiyo nimepanga mwongozo huu kwa malalamiko jinsi watu wanavyoyaleta. Tafuta lako, uanzie hapo.

Kwanza, tenganisha simu na mtandao

Wengi wanaolalamikia simu huwa wanalalamikia mtandao bila kujua. Washa hali ya ndegeni, ile yenye alama ya ndege. Sasa fungua kamera, kikokotoo, orodha ya majina na picha za zamani. Vikifunguka upesi, simu yako ni nzima. Tatizo liko kwenye mtandao, kwenye bando lililokwisha, au mahali ulipokaa. Kamera ikichukua sekunde tano au sita na mtandao umezimwa, basi ugonjwa umo ndani ya simu yenyewe.

Jambo la pili, izime kabisa kisha uiwashe. Kubonyeza kitufe skrini ikawa nyeusi siko kuizima. Nimepokea simu ambazo hazijazimwa tangu mwezi uliopita. Programu zinazokaa wazi muda mrefu huzidi kujikusanyia memori bila kuirudisha, na kuzima ndiyo njia ya kuzinyang'anya zote kwa mara moja. Mara moja kwa wiki inatosha.

"Ni nzito wakati wote, kila kitu"

Hapa ndipo penye simu nyingi, na karibu kila mara ni nafasi. Fungua mipangilio, ingia hifadhi, tazama kilichobaki.

Watu huniuliza kwa nini simu iliyojaa iwe nzito, wakati kabati lililojaa linafunguka vilevile. Nawakumbusha ubao wa chuo cha Kurani. Mwanafunzi wa zamani aliandika darasa lake kwenye ubao wa mti, na ili aandike jipya alikuwa hana budi auoshe ubao wote. Hakuweza kuosha mstari mmoja akauacha wa pili. Kumbukumbu ya simu iko hivyo hivyo. Haiwezi kuandika juu ya kilichoandikwa; hufuta kipande kizima kwanza. Na kama ndani ya kipande kile kuna kitu bado kinatakiwa, lazima ikinakili kwenye ubao mwingine safi, ndipo ioshe ule wa kwanza. Mbao safi zikiwapo nyingi, kazi hiyo hufanyika kimyakimya. Zikibaki mbili tatu, simu hunakili na kuosha, kunakili na kuosha, na wewe umesimama unangoja barua pepe moja ifunguke.

Kwa hiyo usiijaze. Simu ya GB 16 iachie walau GB 2 hadi 3. Ya GB 32 iachie 5 au 6. Ukiachia kiasi hicho utaona wepesi unarudi wenyewe, bila kuongeza kitu.

Uanze kufuta wapi? Anza na WhatsApp, kwa sababu Lamu ndiko mzigo ulipo. Kila mmoja wetu yumo kwenye kundi la ukoo, la chama, la wazazi wa madrasa, la mtaa, na Maulidi yakifika huzaliwa makundi mengine. Ndani ya WhatsApp ingia mipangilio, kisha hifadhi na data, kisha kudhibiti hifadhi. Juu utaona mafungu mawili: faili zilizozidi MB 5, na zilizosambazwa mara nyingi. Fungu hili la pili lifute bila huruma. Kitu kilichosambazwa mara nyingi, ukikihitaji tena utakipata kwa watu mia. Fungu la faili kubwa lipitie polepole, maana humo ndimo mlimo na sauti ya marehemu mzee wako pia.

Kisha rudi nyuma, kwenye hifadhi na data palepale, uzuie vitu kujipakua vyenyewe. Kuna sehemu ya unapotumia data na sehemu ya unapotumia Wi-Fi. Zote mbili ondoa alama kwenye picha, sauti, video na nyaraka. Kuanzia hapo utapakua unachotaka kukiona tu. Bila hatua hii, kufuta kwako ni kukumba maji kwenye mashua iliyotoboka.

Kuna vitu viwili ambavyo WhatsApp haikuonyeshi waziwazi. Kimoja ni nakala za video ulizotuma wewe mwenyewe, ambazo hukaa katika folda yake ya vilivyotumwa. Cha pili ni nakala rudufu za mazungumzo. Kwenye Android, WhatsApp huhifadhi nakala kila siku ndani ya simu, na huweka za siku saba zilizopita. Kwa mtu mwenye mazungumzo ya miaka, nakala moja inaweza kuwa mamia ya MB, zidisha kwa saba. Ziko kwenye folda ya hifadhidata za WhatsApp, za zamani zina tarehe kwenye majina yake, iliyo mpya zaidi haina. Acha iliyo mpya zaidi, futa zilizotangulia.

"Nimefuta picha mia tatu, nafasi haikuongezeka hata kidogo"

Hazijaondoka. Programu za picha zina pipa la taka, na picha hukaa humo siku 30, wakati mwingine 60, ikiwa utajuta. Ingia kwenye pipa, uliondoshe lote. Hili ni dogo, ila limewakatisha tamaa watu wengi wakaamini simu imeharibika.

"Asubuhi ni nyepesi, adhuhuri haishikiki"

Nahodha mmoja anayevusha abiria baina ya hapa na Mokowe aliniambia kwa maneno yake: "Yua likipanda, simu inalala." Nikaenda naye gatini nikaitazame inapokaa. Alikuwa ameiweka nyuma ya mashua, karibu na injini, ndani ya mfuko wa plastiki wa kuzuia maji, na chini ya mfuko kuna kava ya mpira mweusi. Ilikuwa inachajiwa kwa pawabenki, iliyokuwa juani pia. Niliigusa mgongo nikaondoa mkono.

Simu haina feni. Joto la prosesa, ubongo wa simu, hutoka kupitia mgongo wake, na likishindwa kutoka, simu hupunguza kasi ya prosesa kwa makusudi ili isijiunguze. Mtu anaona kukwama; simu yenyewe inajikinga. Apple husema simu zake zitumike kwenye hewa yenye joto la nyuzi 0 hadi 35 za Selsiasi. Mgongo wa simu nyeusi iliyo juani miezi ya Kaskazi huvuka hapo kabla hujafanya kitu.

Dawa ni kuiondoa juani, kuivua kava, kuacha kuichaji, na kuipa dakika kumi kivulini penye upepo. Usiitie kwenye friji. Ubaridi wa ghafla hufanya hewa ya ndani itoe majimaji, na hewa yetu ya pwani ina unyevu wa kutosha. Nahodha yule sasa huitundika mbele, chini ya turubai, bila kava, na huichaji usiku nyumbani. Hakunipa tena kazi kwa jambo hilo.

"Barazani inakwenda, nikiingia ndani inakufa"

Huu ni ugonjwa wa mji wetu. Nyumba za mawe za Mkomani zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, kuta nene karibu nusu mita, vyumba vimefuatana kimoja nyuma ya kingine. Zilijengwa kuleta ubaridi na stara, na mawimbi ya simu yakifika chumba cha ndani yamekwishachoka. Simu ikiona mtandao dhaifu hupaza sauti: huongeza nguvu ya kurusha, hutafuta mnara mwingine, huruka kutoka 4G kwenda 3G na kurudi. Kazi hiyo hula betri na kuleta joto, na joto huleta kile kilichomsibu nahodha.

Ukiwa ndani na husubiri simu ya mtu, weka hali ya ndegeni. Ukiwa unasubiri, ingia mipangilio ya mtandao uifunge kwenye 3G peke yake kama hiyo ndiyo inayofika; itaacha kuhangaika kuruka. Mazungumzo ya video yafanyie kiwandani, yaani ule ua wa ndani ya nyumba, au darini. Na kwa wenye Wi-Fi nyumbani: kifaa kikiwa chumba cha mbele, usitarajie kifike chumba cha tatu. Kiweke usawa wa kiwanda, ambapo vyumba vinafunguka.

"Inakwama halafu inazima, na ilikuwa asilimia 30"

Betri. Betri za lithiamu huchakaa kwa idadi ya kuchajiwa na kwa joto. Ikishachakaa, umeme wake huporomoka ghafla pale prosesa inapotaka nguvu nyingi kwa pamoja, mathalan ukifungua kamera. Simu huzima ingawa bado inaonyesha chaji.

Watengenezaji wengine huchagua kupunguza kasi ili simu isizime. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba ilikuwa ikipunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochakaa, zikiwemo iPhone 6, 6s na 7. Watu walikasirika kwa kutoambiwa, na kabla mwezi huo haujaisha kampuni ikashusha bei ya kubadilisha betri Marekani kutoka dola 79 hadi 29. Mimi nilijifunza jambo kubwa hapo: betri mpya inaweza kuirudishia simu kasi yake. Mwenye iPhone aingie sehemu ya betri kwenye mipangilio aangalie asilimia ya afya yake. Ikiwa chini ya 80, hapo ndipo pa kutumia pesa kabla ya kufikiria simu nyingine.

Betri ikivimba, mgongo ukainuka au kioo kikaachana na fremu, zima simu, usiichaji tena hata dakika moja, usiibonyeze irudi, usiitoboe. Ilete ilivyo.

"Nagusa hapa, inafungua kule"

Chomoa chaja kwanza. Tachi ikirudi sawa, chaja ndiyo mkosaji: chaja duni hupitisha umeme mchafu unaovuruga usomaji wa vidole. Nilikuwa na kijana aliyekuja mara tatu kwa tatizo hilohilo, na mara zote tatu simu ilipokaa mezani kwangu ilikuwa haina kosa. Mara ya nne nikamwambia alete na chaja.

Kama chaja haihusiki, toa kioo cha kinga, pangusa skrini kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Chumvi ya bahari na mafuta ya mkono hufanya utando usioonekana. Kama skrini iliwahi kubadilishwa, huenda iliyowekwa ni ya ubora wa chini, na hilo halina dawa ya mipangilio.

"Matangazo yanaruka yenyewe, hata simu ikiwa imefungwa"

Umeingiza kitu. Mara nyingi ni programu uliyorushiwa na rafiki, au iliyokuja kwa kiungo, au toleo la WhatsApp lisilo rasmi lenye rangi na mapambo. Hizo za pembeni sizipendi na sitazinyamazia: unaipa mtu usiyemjua mazungumzo yako yote kwa sababu ya rangi.

Ili kumtambua mkosaji, washa simu kwa hali salama. Kwenye Android nyingi, bonyeza kitufe cha kuzima, kisha neno la kuzima likitokea likamatie kidole mpaka simu ikuulize kuhusu hali salama. Humo zinafanya kazi programu zilizokuja na simu tu. Matangazo yakitoweka, umethibitisha. Pitia orodha ya programu ukianzia ulizoweka karibuni, uzisanidue moja moja. Isiyokubali kusanidulika imejipa cheo cha msimamizi wa kifaa. Iondolee cheo hicho kwenye mipangilio ya usalama, kisha itaondoka.

Na hapa niseme juu ya programu za kusafisha RAM, yaani ile memori inayoshikilia programu zilizo wazi; ni zile zenye roketi inayopaa. Ziondoe. Android yenyewe inajua kufunga isichohitaji. Ukifunga kwa nguvu programu unayoitumia kila saa, simu italazimika kuifungua upya tangu mwanzo, na hiyo ni kazi kubwa kuliko kuiacha ilale. Roketi inapaa, unaonyeshwa tangazo, na simu inabaki pale pale ikiwa imebeba mzigo mmoja zaidi.

"Nafasi ipo, haina joto, haina virusi, na bado inaburura"

Basi ni umri. Simu yenye RAM ya GB 1 ilitosha kwa programu za siku zake. Programu zimenenepa, simu imebaki ilivyo. Mwaka 2017 Google ilitoa Android Go kwa ajili ya simu za RAM ndogo kwa sababu hiyo hiyo. Punguza mzigo: Facebook Lite badala ya ile kubwa, Opera Mini kwa kuperuzi. Kitu unachokitazama mara moja kwa mwezi kifungulie kwenye kivinjari badala ya kukiwekea programu. YouTube Go ilifungwa Agosti 2022, kwa hiyo anayekurushia leo usiipokee. Na kama simu yako ni ya Android 4.4 ya mwaka 2013, tangu Januari 2025 WhatsApp haifanyi kazi humo, kuiharakisha hakutairudisha.

Kuna ujanja mmoja ninaoupenda. Ingia kuhusu simu, tafuta nambari ya muundo, uigonge mara saba mfululizo. Simu itakuambia sasa wewe ni msanidi. Rudi mwanzo wa mipangilio, utaona chaguo za wasanidi programu, wakati mwingine ndani ya mfumo. Shuka mpaka uone mistari mitatu yenye neno uhuishaji, kila mmoja umeandikwa 1x. Ifanye 0.5x yote mitatu. Hiyo ndiyo mbwembwe ya madirisha kufunguka na kujikunja, umeikata nusu. Prosesa haijaongezeka nguvu, lakini kungoja kumepungua, na mkono unahisi tofauti papo hapo. Vingine vilivyomo humo usiviguse.

Kadi ya memori nayo itazame. Kadi duni huisimamisha simu nzima ikingoja picha isomwe. Itoe kwa siku moja ujaribu. Zipo kadi zilizoandikwa GB 128 na ndani hazifiki hata 16. Ukizijaza zaidi ya ukweli wake, picha hupotea.

Kurudisha simu ilivyotoka kiwandani

Watu hutaka kuanzia hapa. Mimi hufikia hapa mwisho, kwa sababu nimeshuhudia machozi. Baba mmoja wa Matondoni alijifutia simu nyumbani, kisha ikamwuliza nenosiri la akaunti ya Google iliyokuwemo. Akaunti ile alifunguliwa na muuzaji siku aliyonunua simu. Nenosiri hakuwahi kulijua. Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu iliyofutwa hivyo huweza kujifunga mpaka upatikane mwenye akaunti; kinga hiyo iliwekwa dhidi ya wezi, ikamkamata mwenye mali.

Kwa hiyo kabla hujagusa: hakikisha unajua akaunti iliyomo na nenosiri lake, kwa kujaribu kuingia kwenye simu nyingine. Hamisha picha kwenye kompyuta au kadi uliyoipima. Weka nakala ya WhatsApp kwenye akaunti yako. Majina ya simu yahakikishe yako kwenye akaunti, si kwenye simu tu. Pesa za M-Pesa hazimo ndani ya simu, zimeshikana na laini, hazitapotea. Na baada ya kufuta, usirudishe programu zote thelathini. Rudisha unazozitumia wiki hii.

"Nafuta picha, nikizima na kuwasha zimerudi"

Hii ni dalili ninayoomba uisome kwa makini. Picha ulizofuta zikirudi, programu uliyoondoa ikirudi, na hata kurudisha simu ilivyotoka kiwandani kukikataa, basi kumbukumbu yenyewe imechoka. Mbao zimeoshwa mara nyingi mpaka hazishiki wino tena. Simu inasoma cha zamani, haiwezi kuandika kipya. Kwenye simu za bei nafuu, kubadilisha kipande hicho mara nyingi hugharimu karibu na thamani ya simu yenyewe.

Ukiiona, usizime simu tena kujaribu. Ichomeke kwenye chaja, tafuta kompyuta na waya, na nakili picha zako zote leo hii ikiwa bado inawaka, maana inaweza isiwake mara nyingine.